Kuni za Mgeni

Habari hii nimepewa na wifi yangu Notburga, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, tulipokuwa tunapukuchua mahindi barazani kwangu. Notburga ni mtu wa Maposeni, na namwamini, maana akitia chumvi huwa anacheka kabla hajafika mwisho. Siku ile hakucheka. Alibakiwa na gunzi moja mkononi, akaligeuzageuza kama mtu anayemkagua mtoto aliyetoka safari, akaniuliza, "Wifi, haya magunzi unayapeleka wapi?" Nikamwambia jikoni, yatapikia maharage. Akasema nimshukuru Mungu, halafu nisikilize.

Mwenye habari ni Noela, binti wa mdogo wake Notburga, marehemu Yohanes. Noela amepanga chumba Bombambili, huko mjini, na kazi yake anasema ni mwandishi wa kujitegemea. Anajitegemea kweli. Hana ofisi, hana bosi, hana sikukuu, na akiugua anajipa pole mwenyewe. Anaandika mambo ya mazingira na biashara. Mtu ana kiwanda mahali, labda Dar es Salaam, labda Ulaya, anamtumia ujumbe: niandikie kwamba kiwanda changu kinaupenda mto. Noela anakaa kitandani na kompyuta yake ndogo, anaandika kwamba kiwanda kinaupenda mto. Kama mto nao unakipenda kiwanda, hilo halimo kwenye maagizo.

Kuna neno moja, uendelevu, ambalo lazima liwemo, kama chumvi kwenye mboga. Notburga aliwahi kumwuliza maana yake. Noela akamweleza kwamba ni kutumia kitu leo bila kukimaliza, ili na wa kesho akikute. Notburga akasema, kumbe ni ule uchoyo wa mama mkwe wake, aliyekuwa akificha karanga za mbegu juu ya dari, na hakuna mtu aliyemwandika.

Miaka sita Noela aliandika hivyo, na jina lake halikutokea mahali popote. Makala zilitoka na majina ya wakurugenzi, watu ambao hawana hata muda wa kula lakini muda wa kuandika vizuri namna ile wanao. Yohanes alipokuwa mgonjwa aliomba aonyeshwe kazi ya mwanawe. Akaletewa gazeti lenye jina la mkurugenzi na picha ya mkurugenzi. Akalisoma lote, polepole, akasema huyu mkurugenzi anaandika vizuri, mngempa pole ya kazi. Akafa mwezi uliofuata. Tangu hapo Noela alikuwa na haja moja tu duniani, kuona jina lake, Noela Yohanes, limepigwa chapa juu ya kitu alichokiandika yeye.

Ndipo akaja Aidan. Aidan ni mtoto wa hukohuko Maposeni, alikaa Dar es Salaam miaka mingi, akarudi na gari, miwani na wazo. Wazo lenyewe si baya, na Notburga alinikataza nisiliseme vibaya. Magunzi yanachomwa kwenye mapipa, mashine inayasaga na kuyabana, vinatoka vipande vya mkaa mbadala. Wa mjini anapikia, na msitu unabaki umesimama. Kiwanda akakiita Mkaa Mwema. Magunzi aliyaomba kwa adabu, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikapewa fulana ya kijani yenye picha ya jani. Watu wa Maposeni wakiombwa kwa adabu hawajui kukataa; ndivyo walivyopata wageni wengi huko nyuma. Lori likapita, likazoa magunzi ya kijiji kizima.

Kitu ambacho Aidan hakuuliza ni hayo magunzi yalikuwa yanafanya kazi gani kabla yake. Wewe unajua na mimi najua. Kwetu gunzi ni kuni za maskini na za mwenye akili, ambao mara nyingi ni mtu mmoja. Kuanzia mavuno hadi mvua za kwanza mama anapikia magunzi, mgongo unapumua, mlima unapumua. Yalipozolewa, akina mama walikunja kanga wakarudi mlimani na mashoka. Msitu walioachiwa na watu wa mjini wakaukata wao. Lile jani la kwenye fulana likawa linapanda mlima asubuhi na kushuka jioni chini ya mzigo wa kuni.

Aidan alitaka iandikwe makala. Akampa kazi Noela, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Sasa, kutoka Bombambili hadi Maposeni si safari. Ukipanda gari la Peramiho na karanga za kikombe kimoja, unashuka bado unatafuna. Lakini Noela hakupanda. Aidan alimtumia picha saba na maelezo, na miaka sita ya kuandika mito asiyoijua ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akienda kuangalia, kazi inachelewa. Akaandika akiwa kitandani. Kichwa cha habari akakiita "Kijiji Kisichokata Mti". Akaandika kwamba akina mama wa Maposeni wameuaga mlima. Akatia na maneno ya mama mmoja, bila jina, aliyesema: "Siku hizi nakaa tu, napumzika." Mkumbuke huyo mama, atatafutwa.

Makala ilipelekwa kwa Sabra, mhariri wa jarida moja la biashara na mazingira huko Dar es Salaam. Sabra akaipenda. Akajibu kwamba itatoka na jina kamili la mwandishi, kwa herufi nene, na ikipokelewa vizuri Noela atapewa ukurasa wake kila mwezi. Alitaka jambo moja tu, afike mwenyewe Maposeni baada ya wiki tatu, aone, apige picha ya akina mama mbele ya kiwanda. Noela alimpigia simu shangazi yake, akamsomea ule ujumbe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa analia na maneno hayakusikika.

Aidan akamwomba Notburga apike siku hiyo, maana ndiye anayepikia parokiani wakija wageni wakubwa. Akamletea mchele, mafuta na gunia zima la Mkaa Mwema. Notburga alipokea vyote akashukuru. Gunia la mkaa akaliweka nyuma ya mlango, akaenda kuwaita wenzake.

Maana kuna jambo ambalo Aidan alilijua utotoni na Dar es Salaam ikamsahaulisha. Gunzi ni la watu wa nyumbani. Mgeni hapikiwi kwa gunzi. Ukimpikia mgeni kwa magunzi umemwambia kwamba hakustahili hata kupandiwa mlima, na bibi harusi aliyewahi kumpikia mama mkwe kwa gunzi anasimuliwa mpaka leo, wajukuu wake wakiwa darasa la saba. Na gunzi ni gunzi hata likipitishwa kwenye mashine. Kunegunda, jirani yake Notburga, aliuliza kama kweli watamtoa mtu Dar es Salaam waje wamlishe moshi wa taka za mahindi, akaseme huko kwamba Maposeni hakuna wanawake.

Basi wakapanda mlimani, wanawake kumi na mmoja. Wakaangusha miti miwili mikubwa, mizima, wakaipasua, wakaianika kwenye jua la kiangazi kwa zile wiki tatu mpaka ikalia kama kengele ukiigonga. Jumatano jioni, Aidan akiwa nyumbani kwake mjini, waliipanga mbele ya lango la kiwanda. Kwetu rundo la kuni ndilo cheti cha mwanamke. Walilipanga likafika kifuani, ncha zote sawasawa, kama vitabu. Aidan alikuwa amewaachia bango, amewaambia walitundike mahali panapoonekana kuliko pote. Palipoonekana kuliko pote palikuwa pale kwenye kuni. Wakalifunga hapo kwa kamba, likakaa vizuri, limenyooka. Liliandikwa HAPA HATUKATI MTI.

Nilimwuliza Notburga kama hawakulisoma. Akasema walilisoma wote. Waliona ni maneno ya mwenye kiwanda, na maneno ya mwenye nyumba hayahojiwi mbele ya mgeni.

Alhamisi saa tano gari likafika. Aidan alikuwa anaendesha, Sabra kakaa mbele na kamera, Noela nyuma amevaa gauni jipya. Akina mama kumi na mmoja, fulana za kijani, wakapiga vigelegele. Gari lilisimama mbele ya rundo, na kwa muda hakuna aliyefungua mlango. Notburga alidhani wanasali.

Waliposhuka, Noela aliwaamkia wote shikamoo. Sabra akasoma bango, akatazama kuni, akasoma bango tena, akauliza kwa upole hizi ni za nini. Aidan akawahi kujibu. Akasema ni matawi makavu tu, yaliyoanguka yenyewe, akina mama waliyaokota njiani.

Hapo Aidan alikosea. Angesema ni za serikali, angesema zimeshuka kutoka mbinguni, akina mama wangenyamaza wamsitiri. Lakini kumwambia mgeni kwamba mwanamke wa Maposeni amempikia kwa kuni za kuokota, kama mlevi aliyekuwa anapita njia, hilo haliwezi kuachwa lilale.

"Samahani, baba Aidan," Notburga akasema. "Hapo hakuna tawi. Hiyo ni miti, dada mgeni, tena ilikuwa imesimama. Tumeikata sisi wenyewe kwa shoka, kwa heshima yako. Njoo uone moyo wake ulivyo mwekundu."

Akamshika Sabra mkono, akamwonyesha. Kunegunda akaongeza kwamba kule mlimani palipobaki visiki hivyo viwili sasa panaonekana mpaka Peramiho. Alilisema kwa fahari. Aidan alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

Sabra akauliza, kama kuna mkaa wa magunzi, mlimani wanafuata nini. Na kwa kuwa aliuliza, akajibiwa. Aliambiwa magunzi yalikuwa ya nani, yalipika nini, yakaenda wapi. Notburga anasema akina mama hawakulalamika, walieleza tu, kama unavyomweleza mtu njia ya kisimani. Noela alisikiliza amesimama nyuma ya shangazi yake, na hakuna alichokuwa anakijua katika yale yote. Yeye ndiye aliyekuwa amekiandika kijiji hicho.

Wakala hapohapo kiwandani. Kuku walikuwa wamechinjwa na Kassimu wa dukani ili Sabra ale bila shaka moyoni, na kulikuwa na wali, na likolo, mboga yetu ya majani, imeungwa karanga. Noela aliketishwa na mgeni, kwenye kiti, akawekewa sahani ya mgeni. Sabra alikula vizuri akasifu. Halafu Kunegunda akanawa mikono, akasema sasa mtoto atusomee, tusikie tulivyoandikwa.

Noela akasema simu haina mtandao. Kunegunda akasema kusoma hakuhitaji mtandao, babu yake alisoma Biblia nzima bila mtandao. Wengine wakavuta mikeka. Hakukuwa na pa kukimbilia. Akafungua simu, akasoma.

Alisoma kwamba katika vilima vya kijani vya Maposeni mapinduzi ya kimya yanaendelea. Kunegunda akauliza hiyo ni Maposeni ipi, maana kuna jamaa zake walihamia Lusewa, huenda huko nako wamefungua moja. Akasoma kwamba akina mama wameuaga mlima. Wakatazamana. Kisha akafika kwa yule mama mmoja, akamsoma haraka, lakini hakumsoma haraka vya kutosha.

"Rudia hapo," Notburga akasema.

Noela akarudia: "Siku hizi nakaa tu, napumzika."

Sasa, msimu wa mavuno, shamba halijamalizika, mahindi yako nje, mwanamke kusema mbele ya watu kwamba anakaa tu anapumzika ni aibu ya ukoo. Wakaanza kumtafuta. Kunegunda alimgeukia mwenzake wa kulia, akamwuliza ni yeye, maana juzi alichelewa kisimani. Yule akaapa kwa mtakatifu wake kwamba juzi alikuwa anatwanga. Akamtaja wa tatu, ambaye mumewe ana baiskeli. Wa tatu akasema baiskeli haipiki. Wakapita mmoja baada ya mwingine mpaka kumi wakaisha, na kila mmoja alikuwa na mashahidi.

"Basi ni wewe, Notburga," Kunegunda akasema. "Ndiyo maana alikuficha jina. Shangazi mtu."

Vicheko vikapigwa. Notburga hakucheka. Alikuwa anamtazama Noela.

"Mwanangu, huyu mama uliongea naye lini?"

Noela aliitazama simu kama vile jibu lilikuwa humo. Akasema hakuongea naye. Akasema huyo mama hayupo, alimtunga, kwa sababu makala inatakiwa iwe na mama.

"Kumbe," Notburga akasema. "Na sisi tuko kumi na mmoja."

Walipoinuka kuosha vyombo, Sabra alimvuta Noela pembeni, na Aidan naye akasogea. Notburga alikuwa anapangusa sahani hapohapo dirishani, sahani moja, muda wote. Unajua Notburga.

Sasa mimi nilidhani huyu Sabra atakuwa mkali, atawachapa wote wawili kwa maneno. Sivyo. Sabra alisema ukurasa umeshapangwa, na Mkaa Mwema wametajwa tayari kwenye jalada, wala hakuna wa kulirudisha jalada. Picha ataikata, kuni zitabaki nje. Aliomba tu kwamba rundo lisogezwe kidogo apate nafasi, na hilo Kunegunda alikataa kutokea jikoni. Kuni za mgeni haziondolewi mgeni akiwa bado yupo, huko ni kumfukuza. Basi Sabra akasema atasimama pembeni, upande wa choo.

"Picha ni yangu," akamwambia Noela. "Maneno ni yako, na jina ni lako. Niambie tu kama vinabaki hivyo, kabla sijapanda gari."

Aidan akasema hakuna aliyedanganya. Mkaa ni wa magunzi, mkaa haukukata mti. Akina mama ndio wamekata. Na kama Noela ataliacha jina lake hapo, kazi zote za Mkaa Mwema za mwaka huu na mwakani ni zake, na ule ukurasa wa kila mwezi unamngoja. Alisema kwa adabu sana. Ni mtu wa adabu, Aidan.

Notburga anasema alimwona Noela amelishika lile gauni jipya kwa mikono miwili, kama mtoto anayesubiri kuchapwa. Ukiwa umelisubiri jina lako miaka sita, na aliyetaka kuliona kuliko wote yuko chini ya udongo, wewe ungesema nini. Mimi sijui.

"Naomba litoke," Noela akasema.

"Makala?"

"Jina."

Sabra akamwuliza kama ana hakika, maana yeye kila siku anaombwa na watu waweke majina, huyu ni wa kwanza kuomba litolewe. Noela akasema makala hawezi kuizuia, Aidan ameshailipia. Lakini akina mama hawa watakuja kusomewa, na juu yake hataki lisomwe Noela Yohanes, kwa kuwa Yohanes alizaliwa nyumba ile pale, na mama yake mzazi alikuwa anapikia magunzi.

Sabra akaandika kitu kwenye simu yake. Akasema sawa, itatoka kwa jina la Mwandishi Wetu. Huyo Mwandishi Wetu namsikia kila mahali. Ana kazi nyingi, masikini, na hata siku moja hajawahi kukanusha.

Picha ikapigwa upande wa choo. Aidan akawasha gari, akamwuliza Noela kama anapanda. Noela akasema atalala kwa shangazi. Akina mama wakasubiri mpaka vumbi likatulia, ndipo wakalivunja rundo, wakagawana kuni, maana sasa hakukuwa na mgeni. Kabla ya kutawanyika walikubaliana kwamba lori likija tena kwa adabu litajibiwa kwa adabu. Litapewa gunia moja la magunzi kwa nyumba, yanayobaki ni ya jikoni. Jambo ambalo wangeweza kulisema tangu lori la kwanza, ila hakuna aliyewauliza.

Jua lilipokuwa linazama Noela alikaa kwenye kigoda jikoni kwa Notburga, amevua gauni, amefunga kanga ya shangazi. Notburga aliingia chumbani, akainama uvunguni mwa kitanda, akatoka na magunzi ya kujaza ungo mmoja. Alikuwa ameyaficha siku ya lori, yeye ambaye anasema hajui kukataa. Akayapanga katikati ya mafiga, akawasha.

Noela akamwuliza mbona kuni zipo tele hapo nje, fungu lake zima, na miti yenyewe imeshakufa.

"Zile ni za mgeni," Notburga akasema. "Mchana ulikuwa mgeni. Ulikuja na gari. Sogeza mguu, utaungua."

Noela akasogeza mguu. Alitazama magunzi yanavyoshika moto, upesi, bila kelele, halafu akatoa simu akaanza kuandika palepale, ugali ukisongwa. Aliandika mpaka Notburga akaipua. Kisha akamsomea mwanzo wake. Ulianza na wanawake kumi na mmoja wanaomtafuta mwenzao anayepumzika, na wanamkosa. Halikuwemo neno uendelevu hata mara moja. Zilikuwemo karanga za mbegu juu ya dari.

Notburga alisikiliza, akauliza nani ameiagiza. Noela akasema hakuna. Akauliza itachapwa wapi. Noela akasema hajui, atatafuta, huenda pasipatikane.

"Hiyo ndiyo Maposeni," Notburga akasema. "Hapo weka jina."

Noela akaliweka, na la baba yake. Akala ugali wa gunzi, akanawa, akajilaza kwenye mkeka palepale karibu na mafiga, simu kifuani, akasinzia kabla sahani hazijakauka. Notburga akayafukia makaa yaliyobaki kwenye majivu ili ayakute asubuhi, akasikiliza kidogo huyo mtoto anavyokoroma kama Yohanes, akaenda kulala.